Baba, Uko Upande Gani wa Zizi?

Baba,

Shikamoo. Nianze na habari njema, maana ulizoea kusema mzee haamshwi kwa kilio. Mwanao nina bahati, Baba. Mwanza nzima wananijua. Nimejenga Nyegezi, nyumba ya bati la rangi, sakafu ya saruji, na uani kuna mpera na nafasi ya kutosha mtu kulala bila kubanwa. Nikipita sokoni wachuuzi wanaita, "Bosi, karibu!" Wazungu wa viwanda vya samaki nawasalimia kwa lugha yao na wananijibu. Ungekuwa hai ungekuja kukaa kwangu, unywe chai ya maziwa mpaka useme basi.

Sasa mengine. Kaa vizuri.

Nyumbani kumeuzwa. Baba mdogo Maduhu, mdogo wako uliyembeba mgongoni, ameuza eneo lote, kuanzia ua wa minyaa mpaka majini. Mnunuzi ni tajiri wa mjini, anataka kujenga mtambo wa barafu. Siku hizi ziwa letu lina biashara usiyoijua, Baba. Sangara anachunwa minofu, anafungwa vizuri kama bibi harusi, anapanda ndege kwenda Ulaya. Samaki ana safari. Mimi niliyezaliwa naye ufukwe mmoja, safari yangu ya mbali kabisa imeishia Shinyanga. Kwetu vinabaki kichwa na mifupa, tunaita mapanki, tunakaanga, tunakula, tunashukuru. Ruksa, wanasema. Kila kitu ruksa.

Niliposikia nilivuka na kivuko cha Busisi nikiwa nimesimama njia nzima, kama vile kusimama kunaongeza mwendo. Nikawakuta mbele ya nyumba ya Mama: Baba mdogo, mwenyekiti wa kijiji na huyo tajiri. Sikusalimia vizuri, unisamehe. Nikasema, "Hapa amelala baba yangu. Hapauziki." Tajiri si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Akasema, "Kijana, mimi sijengi juu ya mtu. Nionyeshe kaburi, nitakupa gari umhamishe kwa heshima. Usiponionyesha, Jumatatu mafundi wanamwaga zege." Baba mdogo akacheka. "Kaburi gani? Pale palikuwa zizi tu." Baba, yeye ndiye aliyekushika miguu siku ile! Nilimwona! Halafu akaongeza mbele ya watu, "Na ukimfukua, utampeleka wapi wewe?" Nikapiga kifua: "Kwangu, Nyegezi!"

Basi nikaenda zizini kuwaonyesha. Sikukuona.

Wewe mwenyewe ulitaka hivyo. Jioni tukiwa tumekaa shikome kuota moto, samadi inafuka, sisi watoto tunagombea sehemu isiyo na moshi, ulikuwa ukituambia: "Mwenye mji hazikwi porini kama mbwa. Nizikeni zizini, ng'ombe wanikanyage, pafutike kabisa. Mchawi atafute mpaka achoke." Tukatii. Tulikuviringisha ngozi ya fahali mweusi, tukafukia, na jioni ile mimi ndiye niliyewapitisha ng'ombe juu yako. Yule jike mwenye pembe iliyopinda, aliyekuwa akikufuata hata ukienda chooni, alisimama pale akainamisha kichwa, akagoma kusogea mpaka nikamchapa fimbo. Asubuhi palikuwa tambarare, huwezi kujua kama palichimbwa. Wazee wakasifu: kazi safi.

Kazi safi kweli. Mchawi hakukupata. Na mimi sikupati.

Maana ng'ombe wameisha. Ndigana iliwaua wengi, waliobaki waliuzwa mmoja mmoja Mama alipokuwa akiugua. Nguzo za zizi tulizichoma kuni kwenye msiba wake. Nakumbuka tulikulaza kulia mwa mlango, lakini mlango uliwahi kuhamishwa mvua zilipozidi, na sijui kama ilikuwa kabla yako au baada yako. Nani wa kumuuliza? Baba mdogo? Nimechimba upande wa minyaa. Nimechimba upande wa jiwe kubwa tulilokuwa tukitelezea mpaka kaptula zinatoboka matakoni, na wewe unatutisha kwamba utatushonea za bati. Nimechimba katikati. Udongo mweusi, laini, mzuri. Ungepanda mchicha ungekufika kiunoni. Nimepata kwato. Nimepata mfupa, Baba, nikapiga kelele, nikapiga magoti, nikakusalimia.

Ulikuwa wa ndama.

Mwenyekiti aligeuza uso asicheke. Mimi nilicheka, cheko kubwa, kama kawaida yangu. Halafu nikashindwa kunyamaza, na haikuwa kicheko tena.

Nionyeshe. Nakuomba. Wewe uliyekuwa ukimjua kila ng'ombe kwa kikohozi chake, unashindwaje kuniambia ulipo? Njoo hata ndotoni, uniambie, "Mimi hapa, mjinga wewe, umenikalia." Leo nimelala pale mchana kutwa, sikio chini kwenye udongo, watu wanapita wanasema mtoto wa mzee kachanganyikiwa. Nimesikia ziwa tu. Mpini wa jembe umevunjika. Viganja vimechubuka. Na kesho ndiyo Jumatatu.

Hivyo nakuaga namna hii. Barua hii naifukia zizini, popote tu. Wewe ndiye unayejua ulipo, itafute. Na ahadi ninayokuachia ni hii: tajiri amesema atahitaji wabebaji wa barafu, nami nimeshampa jina langu. Ng'ombe wa kupita juu yako hawapo tena. Nitapita mimi, kila siku, na mzigo begani. Ukisikia hatua nzito huko chini usishtuke, na usimlaumu mtu. Ni mtoto wako yuko kazini. Pumzika, Baba. Pumzika hapo hapo, popote hapo.

Mwanao, Masunga.

Nyumba ya Nyegezi haipo. Nalala chini, kwenye chumba cha rafiki, na hakuna anayeniita bosi. Hata ningekupata, Baba, sikuwa na pa kukupeleka.