Mama Mkwe Hawezi Kupanda Treni

Gare ya treni, Kolwezi,
Jumapili, 18 Aprili 1993.

Mpendwa yaya Bilonda, dada yangu mkubwa,

Mmeamkaje huko Kinshasa? Mguu wa shemeji umepona? Na watoto, bado wanasoma? Sisi tungali hai wote watano, Mungu ashukuriwe. Mignonne aliharisha tangu Ijumaa, lakini leo ameomba uji mwenyewe.

Usiandike tena kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Manika. Hatuko huko. Hii ni wiki ya tano tunalala chini ya turubai kando ya reli, sisi na watu wengi wa asili ya mkoa wa Kasai. Vijana wenyeji wa Katanga, wanaotaka Wakasai wote tuondoke, walikuja asubuhi, nikiwa nasonga bukari. "Murudie kwenu," wakasema. Badibanga akawauliza, "Kwetu ni wapi?" Unajua yaya, bwana yangu alizaliwa hapa, Kasai hajaiona hata siku moja. Wakaanza kung'oa mlango. Tangu siku ile anakaa akitazama mikono yake.

Unakumbuka barua zangu za zamani? Kila moja malalamiko: nyumba ndogo, bati linavuja, na huyu mama mkwe, Mama Mushiya, anayeongeza chumvi kwenye mboga yangu bila kuniuliza. Miaka kumi na moja tumepika jiko moja bila kupendana.

Jumatano treni ilifika. Mabehewa ya mizigo, na watu wakipanda hadi juu ya paa. Mama Mushiya miguu imemvimba, hawezi kusimama. Badibanga akambeba mgongoni, mimi nikashika watoto. Nilifika mlangoni. Nikampandisha Kalombo, nikampandisha Mignonne. Kugeuka nyuma, nikawaona bwana yangu na mama yake mbali kabisa, wameangushwa chini katikati ya miguu ya watu. Mwanamume mmoja aliyekuwa ndani ya behewa akanishika mkono. "Mama, acha muzee. Okoa batoto."

Yaya, nakuambia wewe peke yako: nilitaka kumwacha. Badibanga alikuwa akinipungia mkono niende. Na mama mwenyewe akatupigia kelele sisi wanawe, "Mwende, bana yangu! Tata wenu analala mu udongo ya huku. Mi nitabakia naye!" Baba mkwe alizikwa hapa Kolwezi.

Nikawateremsha watoto. Usiseme ni ujasiri, maana sikufikiri kitu. Treni ilipoondoka nililia kwa hasira, nikajiambia huenda nimewaua wote. Hata leo sijui kama nilifanya vizuri.

Sasa kila asubuhi namwosha Mama Mushiya miguu kwa maji ya chumvi, halafu namchana nywele. Ni laini kama za mtoto mchanga, na mimi sikuwahi kuzigusa. Jana nilimnyoa Badibanga ndevu kwa wembe wa kuazima. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tufukuzwe, na nikabaki namtazama kama mtu aliyerudi safari. Yaya, watu hawa nilikuwa nao siku zote. Laiti ningewatunza hivi tulipokuwa na paa.

Wanasema treni nyingine iko njiani, labda wiki hii. Miguu ya mama haijapungua uvimbe. Badibanga ametafuta blanketi gumu tumlaze ndani, tumbebe watu wanne, lakini wenye nguvu ndio wanaotangulia mlangoni, na hao wanne hatujawapata. Sina la kufanya. Tukikosa tena, tutakosa wote.

Barua hii nampa Sista Fidélie, anayetuletea unga kutoka parokia. Jibu lako sijui litanikuta wapi. Wewe andika tu.

Nisalimie shemeji, mama mdogo Mbuyu na mjomba Mulumba. Mama Mushiya naye anakusalimu. Amenishika kiwiko hapa ninapoandika, hataki niondoke hata kwenda kuteka maji.

Mungu aulinde mlango wako na wote walio ndani yake.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuwaza,
Mbelu