Beseni la Mlangoni

3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umekuachia na usingizi unapata. Sisi tuzima. Naandika kwa sababu simu haitufai. Tangu injini zikuharibu masikio, kila ninachosema unajibu "ndiyo, ndiyo". Barua hii nampa dereva wa basi akuletee gereji.

Mjukuu wako ametoka hospitali. Bado mdogo, alikuwa na haraka ya kuja duniani, lakini ananyonya. Tunakusubiri. Ila kuna kajambo, baba, na nimechana karatasi mbili nikitafuta namna ya kulisema. Nyumba hii sasa ina masharti. Viatu vinabaki nje. Mlangoni kuna beseni, maji na sabuni. Kila anayeingia ananawa mpaka viwiko. Taulo lenye mstari mwekundu ni lako peke yako. Usinielewe vibaya. Ni kwa wote, hata mama mkwe wangu ananawa, tena kwa kununa.

Njoo, baba.

Binti yako

21 Machi

Mama,

Marahaba. Nimerudi nyumbani salama. Mgongo ndio ule ule, tumeshazoeana. Asante kwa kunikaribisha; umekuwa mwenye nyumba kweli, ningemwomba marehemu mama yako aje aone.

Masharti yako niliyafuata. Nilinawa mpaka sabuni ikabaki kipande cha kuteleza. Lakini kila nikitoka kunawa nikanyoosha mikono, unasema mtoto amelala. Asubuhi amelala, jioni amelala. Siku ya kuondoka nilimwona macho kodo, ananitazama, na bado ukasema amelala. Kwenye basi niliiangalia mikono yangu njia nzima. Oili imeingia kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, sabuni haifiki huko. Ningekuwa wewe, nami nisingempa mtoto mtu wa mikono hii. Sikulaumu. Ila imeniuma, siwezi kukuficha.

Spana nimeziweka chini. Mwenzangu wa gereji atashika kazi, mimi nitakaa pembeni nielekeze kwa mdomo, ambao hata wewe unajua hauchoki. Mikono ikitakata nitakuja.

Baba yako

9 Aprili

Baba, shikamoo.

Hujambo na hali? Barua yako niliisomea jikoni, nikalia mpaka maziwa niliyoyabandika yakafurika. Baba, sio mikono. Mtoto alikuwa amelala tu, watoto wachanga ndivyo walivyo. Rudi kazini kabla wateja hawajakukimbia. Njoo wakati wowote, hivyo hivyo ulivyo.

Mtoto anakohoa kidogo, ila si neno.

Binti yako

26 Mei

Mama,

Marahaba. Wote wazima huko? Mjukuu ameanza kucheka? Usiniambie amelala.

Shughuli ya mikono inakwenda vizuri. Naanza na magadi, kisha petroli, kisha msasa laini, ule wa kusugulia rangi ya gari. Kidole gumba na cha shahada vimekuwa vyeupe kama vya karani. Hapa gereji wananiita Bwana Harusi, nami nacheka nao, nitafanyaje. Kuna nyufa kidogo zinazowasha, na mmoja unagoma kufunga, lakini nadhani ni ngozi mpya tu. Bado kidogo nitakuwa tayari.

Mwambie babu yake anajiandaa.

Baba yako

18 Juni

Baba, shikamoo.

Kabla sijakuuliza hali: acha huo msasa leo hii.

Daktari ameruhusu mtoto abebwe. Ndiyo, ameruhusu, maana alikuwa amekataza. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa, na alisema mtu yeyote asimshike isipokuwa mimi nikimnyonyesha. Hata baba yake alikuwa anamwangalia kwa macho tu. Mama mkwe alinawa na bado hakuruhusiwa kumgusa, ndiyo maana ya kule kununa. Nilishindwa kukwambia. Mama tulimzika kwa ugonjwa wa kifua, na nilikuona ulivyokuwa. Nikaona bora niseme amelala, neno dogo lisilomuumiza mtu.

Sasa kifua kimetulia, na anacheka mpaka anapata kwikwi. Njoo umbebe, baba. Njoo na oili yako yote.

Binti yako

7 Julai

Mama,

Marahaba. Anayeandika ni mama fundi cherehani, jirani yangu. Mimi nasema tu. Barua yako kanisomea mara mbili. Ungeniambia tu, mwanangu. Ningeweza kuibeba habari hiyo.

Ule ufa haukufunga. Mkono wa kulia ukavimba mpaka kiwiko. Hospitali wakanipima, kumbe nina sukari, imekaa mwilini miaka bila kubisha hodi. Wanasema mkono hautapona. Wataukata kwenye kifundo cha mkono, tarehe ishirini na moja.

Sasa nami nina kajambo, na nimemchosha huyu mama nikitafuta namna ya kulisema. Kidonda kina usaha na kinanuka. Mtoto mwenye kifua kile asisogezwe karibu nami. Ukija, njoo peke yako. Mlangoni nimeweka beseni, maji na sabuni. Usinielewe vibaya.

Baba yako

12 Julai

Baba, shikamoo.

Sikuulizi hali, nimeshaijua. Safari hii nasema wazi bila kuzunguka. Nimemuuliza daktari wa mtoto. Kidonda kikifungwa vizuri na mtoto asikiguse, hakuna shida.

Jumamosi tunakuja. Utakaa kwenye kile kiti chako, miguu pamoja. Mkono wenye bandeji utauweka mezani, mbali. Nitatandika shuka safi mapajani mwako na mtoto nitamlaza mimi mwenyewe. Huhitaji mikono, baba. Na kwenye beseni lako nitanawa mpaka viwiko.

Nisamehe.

Binti yako

2 Agosti

Mama,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto, uvumilie. Mmefika salama? Mgongo umenyamaza, nadhani umeona aibu kulalamika mbele ya mkono.

Wameukata siku ile ile waliyosema. Nimelia, sikufichi. Vidole havipo, lakini bado vinaniwasha, na nikijisahau nataka kuvikuna. Spana zote nimempa mwenzangu.

Mawazo yakinizidi narudi kwenye ile Jumamosi. Alinikodolea macho, akakamata kifungo cha shati langu, akapiga miayo. Sikutikisika mpaka miguu ikafa ganzi. Mama mkwe wako akiuliza kama babu alimbeba, mwambie alimbeba. Na mwambie safari hii mtoto alikuwa amelala kweli.

Babu yake