Disketi na Beseni la Mlangoni

Bweri, Musoma
14 Juni 1999

Kaka mpendwa Felisian,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila goti la mama linanung'unika kila wingu likitanda.

Kaka, nakushukuru, na usibishe, maana barua haikatizwi. Unajua tangu soko huria lifunguke Mzee Abdulkadiri, bosi wangu, aliacha cherehani akafungua duka la kuchapa, akanunua kompyuta mbili: mpya ya kazi, na mkweche uliokaa pembeni hauna kitu. Wiki iliyopita ile mpya ilibeba mitihani ya shule za Bunda, tayari kuchapwa. Ingefutika, duka lingekwisha, nami ningerudi kuanika dagaa.

Siku hiyohiyo nikaletewa disketi. Ndani mna faili moja, limebana mengine mengi kama robota la mitumba, na jina lake linaishia kwa herufi zile ulizonionya, za furushi linalojifungua lenyewe ukiligusa. Aliyeituma namwamini sana, hata mkono ulishafika kwenye mashine mpya. Hapo nikakumbuka somo ulilonipa likizo, kwamba kila disketi ikaguliwe kwanza, na mfano wa mama. Mwaka wa kipindupindu aliweka beseni mlangoni, nawe umetoka safari ukataka kupita tu. Akakwambia hata mtoto wake ananawaga kwanza, ugonjwa hauulizagi ukoo.

Basi nikaipeleka kwenye mkweche. Sikulifungua faili, nikalipitisha kwanza kwenye programu ya kukagua virusi. Ikaonya kuwa kimo kirusi cha kufuta kila kitu. Mzee Abdulkadiri aliketi, akamshukuru Mungu, kisha akaagiza sambusa. Mitihani imechapwa na imeondoka salama.

Sasa nimepiga moyo konde nikwambie. Disketi ile ni yako, ya picha za marehemu baba. Usione haya, najua hukujua. Ila leo hii kagua mashine ya ofisini kwenu, na uwaambie wote uliowapa disketi. Picha uzitume upya zikiwa safi, mama ameshanunua fremu. Somo lako limeniokoa na disketi yako mwenyewe, kaka, na nitakushukuru siku zote.

Nilipomsimulia mama, habari za virusi hakuzielewa, lakini alicheka mpaka akasahau goti. Anakusalimu sana, na anasema ukija, beseni liko palepale.

Mdogo wako akupendaye,
Dafroza