Changarawe ya Pant-glas

Tregwyn,
2 Juni

Kaka Emyr mpendwa,

Nakusalimu wewe, binti yako Sioned na mumewe, na wajukuu wote wawili. Natumaini nyonga mpya inakutii kuliko ile ya zamani, na kwamba sasa unateremka ngazi bila kumlaumu mtu. Sisi huku tu wazima. Paka wako amenenepa kwa jirani na akiniona anajifanya hanijui. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo wiki iliyopita, lakini mto umeshuka, na maji yamerudia rangi yake ya chai isiyotiwa maziwa.

Uliniuliza masomo yangu ya mtoni yanaendeleaje. Nitakueleza kwa kufuata tarehe, kama nilivyoandika gazetini miaka thelathini na minane. Safari hii tarehe zina kazi.

Unajua nilikotoka. Miaka ishirini na sita nimevua samaki aina ya trauti kwenye bwawa la juu, kwa nzi wa bandia, wakubwa, wa manyoya, ninaowafunga mwenyewe kwenye ndoana, wa rangi ya chungwa na mkia unaometa. Chama chenu cha wavuvi wa mto kiliponipa nafasi Februari, niliona nimepandishwa daraja tu, kazi ni ile ile. Kamati iliniambia nisiingie majini mpaka Eirlys Vaughan atakapotufundisha sisi wageni mwezi wa Mei. Niliitikia.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 9. Eirlys hajabadilika tangu aache kupeleka barua: bado anatembea mbele ya watu wote, na bado anajua habari za kila nyumba. Tulikuwa wanafunzi watatu, wote watu wa bwawa. Alituketisha ukingoni dakika kumi, fimbo za kuvulia zikiwa chini, akatukataza hata kunyoosha mguu. Alisema bwawani samaki huzurura kama mtu asiye na kazi, kwa hiyo mvuvi hutupa mbali, huvuta nzi wake, na kungoja samaki apite. Mtoni samaki ana mahali pake. Ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, na chakula ndicho kinachomjia. Basi mfuate kwa nyuma, mtupie mbele yake, umwache nzi ashuke na maji kana kwamba hakufungwa na kitu, huku mkono ukikusanya mshipi unaolegea.

Nikatupa mita ishirini, kama nilivyozoea. Eirlys akaniuliza kama nina jamaa ng'ambo anayesubiri mzigo. Akasema, samaki wako yuko magotini pako, bwana mwandishi, na wewe unamtafuta Ayalandi! Mara ya pili mkono ukavuta wenyewe, nzi akachora mstari juu ya maji kama mashua. Eirlys akasema haya, sasa umempigia na honi. Mwenzangu mmoja alicheka mpaka akaingiza maji kwenye buti, na hapo zamu ya kutukanwa ikawa yake.

Kabla ya saa sita nilipata trauti mmoja wa shubiri moja na kidogo. Alikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama, kwenye maji ambayo bwawani ningeyapita bila kuyatazama. Nilimrudisha.

Baada ya chakula alitupeleka Pant-glas, shambani kwa Meurig, ili tuone, alisema, mahali ambapo mtu hakanyagi. Chini ya ule mti ulioinama kulikuwa na changarawe nyeupe, safi, iliyolegea, na maji ya kufika magotini. Alieleza kwamba trauti jike huifukua kwa mkia mwezi wa Novemba, huficha mayai ndani, na vitoto hukaa humo gizani mpaka Aprili. Mtu aliyekulia mtoni anaijua, huizunguka. Mtu wa bwawa huikimbilia, kwa sababu bwawani weupe ni salama na weusi ni tope linalomeza buti. Kisha akasema kwamba mwaka huu hapa hapakufumuliwa na mtu, ni mitamba, ng'ombe wachanga wa Meurig, na akawaeleza wenzangu habari za ndoo zako.

Kaka, hukuwahi kuniambia ni wapi hasa. Ulisema nikijua mimi Jumatatu, Alhamisi kijiji kizima kinasoma. Nilijua tu kwamba kwa majira matatu ya baridi ulibeba changarawe kwa ndoo kutoka lango la Pant-glas hadi mtoni, kwa ile nyonga mbovu. Kwamba Novemba jozi mbili za trauti walitaga juu yake, wa kwanza kutaga pale tangu baba alipokuwa hai. Na kwamba wiki ya pili ya Machi ulikuta tandiko lote la changarawe limefumuliwa. Aprili uliinama ukingoni siku tatu ukitafuta vitoto, hukuona hata kimoja. Nyayo za mitamba zilikuwa zimejaa ukingoni. Meurig alikuapia kwamba hawakufika majini. Ulimwita mwongo mbele ya wanawe, mtu uliyekaa naye dawati moja, ukapeleka malalamiko kwa kamati.

Eirlys alikuwa bado anasema alipotazama juu. Kwenye tawi kulikuwa na nzi amenasa, wa rangi ya chungwa, mkia unameta. Akauliza ni kichekesho gani kilichokuja kuvua mtoni na pambo la Krismasi. Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka.

Nzi yule ni wangu.

Tarehe 3 Machi, siku msimu ulipofunguliwa, nilikwenda Pant-glas peke yangu asubuhi. Sikutaka mtu wa umri wangu afundishwe mbele ya watu. Niliiona changarawe nyeupe nikasema hapa ndipo pa kusimama. Nilikaa juu yake zaidi ya saa mbili. Nilichimba kwa visigino nipate pa kukita mguu, kama tufanyavyo bwawani, na kila miguu ilipokufa ganzi nilihama hatua moja. Nilikuwa natupa kuelekea ukingo wa pili. Sikupata kitu. Tarehe 5 mto ulijaa ukafuta alama za buti, ukaacha mashimo. Nimeitazama shajara yangu: mitamba walivunja seng'enge tarehe 6. Kwato ulizoziona zilikuwa za ukingoni tu. Meurig alikuambia kweli.

Hilo lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Linalofuata si hilo.

Kesho yake, tarehe 10, nilirudi na mkasi, nikamkata nzi yule kwenye tawi nikamtia mfukoni. Nilijiambia nitakuandikia mwisho wa wiki. Nesta, mkewe Meurig, alifariki tarehe 16. Majira yale yote matatu ni Nesta aliyekuwa akikuletea chai pale langoni. Sioned alikuwa tayari kukuleta mazishini kwa gari. Ulinipigia simu ukaniagiza nimwambie Meurig kwamba nyonga hairuhusu safari, na mimi ukanipa sababu yenyewe, kwamba hutakaa kanisani na mwongo. Nilikuwa nimeshika simu. Neno lilikuwa mdomoni kwa siku saba. Nikasema sawa kaka, nitamfikishia.

Nikamfikishia, tarehe 20, mlangoni mwa kanisa. Meurig aliitikia kwa kichwa, akasema nikusalimu. Salamu hiyo sikukuletea. Naileta leo.

Hukumzika Nesta kwa sababu mimi nilinyamaza. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, haikubali.

Jana nilikwenda Pant-glas. Meurig alikuwa anakata kondoo manyoya. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa tarehe zile zile, nikamwonyesha yule nzi. Hakuzima mashine mpaka alipomaliza kumnyoa kondoo aliyekuwa naye. Kisha akaniuliza kama nilivua chochote siku ile. Nikasema hapana. Akasema, Hefin bwana, mtamba angalau angetoka amekunywa maji. Wanawe walicheka, yeye hakucheka. Baadaye alisema Nesta aliwakataza wanawe kukusema vibaya nyumbani. Alikuwa akiwaambia Emyr atakuja tu, akichoka kununa. Kisha Meurig akamvuta kondoo mwingine.

Nilipokuwa nikiondoka aliniita. Akasema tandiko lirudishwe Oktoba, kabla samaki hawajapanda mto kutaga, na kwamba mwaka huu atafungua uzio wa chini trekta ishushe changarawe karibu na maji. Ya kubeba kwa ndoo hapo mwisho, alisema, atabeba mwandishi.

Kamati inakutana Jumamosi kuhusu malalamiko yako. Nitasimama niseme haya yote kwa mdomo wangu, Eirlys akiwa amekaa mbele. Wakininyang'anya nafasi, itakuwa haki. Lakini malalamiko yana saini yako, na ni wewe peke yako unayeweza kuyaondoa. Kwa hiyo barua hii inapanda posta ya asubuhi, ikufikie wakati bado una siku mbili za kufikiri. Najua utakasirika. Kasirika nami, nakuomba tu usichelewe kwa Meurig kama nilivyochelewa mimi.

Umesema utarudi Ijumaa kwa treni ya saa tisa. Meurig aliniuliza saa, nikamwambia. Atakuwa stesheni na gari lake. Sijui atakuambia nini, wala sikumuuliza. Ukiona huwezi kupanda, mwambie mwenyewe, uso kwa uso. Mimi sipeleki ujumbe wowote tena kati yenu.

Msalimie sana Sioned, na umshukuru kwa kukutunza. Wape watoto pole kwa kukaa na babu yao wiki saba. Nyumba yako nimeifungua madirisha, na jiko nitaliwasha Ijumaa mchana, uje na mtu ama uje peke yako.

Ni mimi, mdogo wako,
Hefin