Jina la Wandera Lilivyotoka Wimboni

Burumba, Jumamosi, Julai 1966

Eti wimbo hauna mama! Maneno hayo bado yananiuma.

Tulikuwa kwenye matanga ya marehemu Auma, jirani yangu. Kabla wanawake hawajaanza kuimba, mzee mmoja wa Butula akadai kwamba ule wimbo wa mtoni, tunaoombolezea wafu, ni wa kwao, tangu mababu. Mchuuzi wa Tororo akaruka: "Hapana, mzee. Huo ulitoka kwetu, ukavuka huku na wauza samaki."

Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia ni mama yangu aliyeutunga, siku kaka yangu Wandera alipotolewa katika mto Sio, amekufa maji. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika mama mkono.

Wakacheka wote wawili. Hapo sasa wakapatana! "Dada," mzee akasema, "wimbo kama huo hauna mama."

Najua ilivyokuwa. Desturi yetu ni kwamba kila matanga, jina la marehemu mpya linawekwa wimboni mahali pa jina la yule wa zamani. Ndiyo maana watu wanaupenda hivyo. Kila mtu amemlilia wake ndani yake. Na ndiyo maana Wandera hayumo tena. Mama naye hayuko wa kushuhudia. Nikifa mimi, nani tena...

Wanawake wakaanza. Nikaapa moyoni kwamba leo, hata wakinikodolea macho, nitamtaja kaka yangu kwa sauti. Tulipofika pale pa jina, nikafungua mdomo.

Likatoka la Auma.