Kuandika Bila Umeme

Katoyi, Jumanne jioni

Lakini ni nani aliwaita wale watu wa televisheni?

Nimeamuka saa kumi na moja, nikapiga viatu rangi, na saa mbili kamili nilikuwa biro. Umeme hakuna pale kazini tangu wiki iliyopita, kwa hiyo tulikaa tukipiga soga, kama kawaida. Saa tano chefu, mukubwa wetu wa kazi, akaingia mbio, jasho usoni: "Kamera ziko kwenye ngazi! Kila mutu aandike!"

Tukaandika. Niligonga kompyuta iliyozimika mpaka vidole vikauma. Chefu alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kama mutu anayesoma.

Jioni hii, nyumbani, nimejiona kwenye habari. Muke wangu alipiga makofi. Mama mukwe, ambaye ametoka Butembo na atakaa kwetu mpaka mwisho wa mwezi, akasogeza kiti karibu.

"Mbona mashini yako ni nyeusi?"

"Ni ya kisasa, mama."

"Aa. Na ulikuwa unaandika nini, papa?"

Miaka saba niko kwenye biro ile, na yeye ndiye mutu wa kwanza kuniuliza.

Nikaongeza sauti ya televisheni.