Losheni ya Kiini cha Yai

Jumanne, Lanham, Marekani

Mimi na ubishi wangu! Wifi Neema alinionya: bila ile nta inayoshikanisha maji na mafuta, losheni yangu itajitenga. Nikamjibu, kemikali sitaki, natia kiini cha yai. Kweli ikashikana, laini kama mayonezi.

Leo nimejipaka nikaenda kazini. Bibi wa Kizungu ninayemhudumia, anayenigomea chakula tangu juzi, akanusa mkono wangu. Akauliza mayai yapo wapi. Nikamkaangia, akala yote! Nusura nilie.

Nyumbani Neema akafungua kopo, akaruka nyuma. "Wifi, limeoza hili! Nta imepimwa maabara. Yai lako kalipima nani?"

Kesho nanunua nta.

Lakini bibi akigoma tena, nitanukia nini?